Mpangaji anafanya uhalifu ndani ya nyumba yako: hatua za kufuata, mwenye nyumba

Maswali ni yale yale. "Vijana niliowapangishia wamekutwa na bangi, je na mimi nitakamatwa?" "Nasikia chumba cha uani wanapika gongo, naruhusiwa kuvunja mlango?" "Nimeshaweka kufuli langu juu ya lake, niko salama?" Kwa kuwa yanajirudia, nimeyaweka majibu yake pamoja, kwa mpangilio wa kitu cha kufanya kwanza na kitu cha kufanya baadaye.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake na mamlaka yake ya dawa za kulevya, na pale mlango wa kwanza wa kubisha ni kwa sheha. Mpangilio wa hatua utakufaa hata huko, ila majina ya vyombo usiyachukue kama yalivyo.

Kabla ya yote, shika jambo moja. Mpangaji kuwa mhalifu si kosa lako. Utaulizwa ulijua nini, na baada ya kujua ulifanya nini. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inamgusa mwenye nyumba au msimamizi anayeruhusu nyumba itumike kwa dawa hizo. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 inamgusa anayepangisha nyumba huku akijua itatumika kwa biashara hiyo. Anayemhifadhi mhamiaji haramu huku akijua naye ana kosa lake. Kila hatua hapa chini ina kazi moja: kuonyesha kwa maandishi kwamba hukuruhusu, na kwamba ulipojua hukukaa kimya.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kama mpangaji ameshaingia na huna baadhi ya hivi, anza kuvikusanya leo.

- Uthibitisho kwamba nyumba ni yako. Hati miliki, leseni ya makazi, mkataba wa mauziano, au barua ya kuteuliwa msimamizi wa mirathi. Polisi na baraza la ardhi (hatua ya 8) watauliza hili kabla ya jambo lingine.

- Mkataba wa pango wa maandishi, uliosainiwa na pande zote mbele ya mashahidi na kulipiwa ushuru wa stempu TRA. Wengi wanaruka stempu. Siku ukifika barazani, mkataba usio na stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi, nawe utabaki na maneno ya mdomo.

- Nakala ya kitambulisho cha mpangaji. NIDA kwa raia. Pasipoti na kibali cha ukaazi kwa mgeni. Tazama tarehe ya kibali kuisha. Nakala hizo zifungie kabatini. Kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kunaweza kukuingiza matatani kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

- Kumbukumbu za kodi. Risiti zenye jina, au ujumbe wa muamala wa simu. Zinaonyesha kwamba ulipokea kodi ya kawaida ya chumba cha kawaida.

- Kaunta buku moja kwa ajili ya nyumba hiyo tu. Utaona kazi yake katika hatua ya pili.

- Namba za simu: mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa mtaa, mkaguzi wa polisi wa kata yako, kituo cha karibu. Ongeza 112 ya polisi, 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA), 116 ya watoto, 113 ya TAKUKURU na 114 ya zimamoto.

- Wakili, au msaidizi wa kisheria kama mfuko hauruhusu. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Uliza ofisi ya kata au idara ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako wanapatikana wapi.

Kama mkataba wako hausemi chochote kuhusu uhalifu, tumia maneno haya unapousaini upya:

*"Mpangaji hatatumia nyumba hii, wala hataruhusu mtu mwingine aitumie, kwa jambo lolote linalokatazwa na sheria za Tanzania. Mpangaji hatampangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba anaweza kuikagua nyumba wakati wa mchana baada ya kumpa mpangaji taarifa ya maandishi ya saa 48. Kukiuka kifungu hiki ni sababu ya kusitisha mkataba kwa notisi ya siku ......"*

Sentensi ya ukaguzi ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayokupa haki ya kubisha hodi na kuingia bila ugomvi.

Hatua ya 1: Pima kama ni kero au ni jinai

Muziki mkubwa, wageni wengi, mpangaji anayelala mchana na kuamka usiku: hivyo ni kero, na kero inamalizwa kwa mazungumzo na mkataba. Mwenye nyumba anayekimbilia polisi kwa kero hupoteza sikio la polisi siku ya jambo zito.

Dalili zinazostahili kuchukuliwa kwa uzito ni zile zinazojirudia na kuambatana. Watu wanakuja dakika mbili mbili na kuondoka, mchana na usiku, na hakuna anayeketi. Madirisha yamezibwa kabisa, na kuna harufu kali ya kemikali au ya pombe inayochemshwa. Chumba kimoja kina vijana kadhaa na rundo la laini za simu, wanatuma ujumbe siku nzima. Hao mara nyingi ndio wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Frem iliyokodiwa kama stoo inafunguliwa saa nane usiku tu, na ndani kuna chupa na lebo: hicho ni kiwanda bubu. Madumu ya petroli au dizeli yamepangwa ukutani, karibu na jiko la mwenzake. Umeme unawaka kutwa na LUKU hainunuliwi.

Kwa mirungi, wapo wanaopanga kutoka Kenya ambako inauzwa wazi, wakidhani na hapa ni vile vile. Kwa sheria ya Tanzania, mirungi ni dawa ya kulevya. Ukiiona, hakuna cha "labda hajui".

Jambo moja halisubiri kupimwa. Ukiona wasichana au watoto wasiotoka nje, wanaofungiwa, wasio na simu, wenye mtu anayewajibia kila swali, piga 112 au 116 siku hiyo hiyo. Usijisumbue kutafuta uthibitisho zaidi. Mtu anaumia wakati wewe unapima.

Hatua ya 2: Andika ulichokiona

Fungua kaunta buku. Andika tarehe, saa, ulichokiona kwa macho, na nani mwingine alikuwepo. "Tarehe 4, saa tatu usiku, pikipiki tatu zilifika chumba namba 5, kila moja ikakaa dakika chache, nilikuwa na mama Asha uani." Hivyo tu. Usiandike "wanauza unga", kwa sababu hilo hujaliona. Umeliona lile la pikipiki.

Uliyoambiwa na wengine yaandike pembeni kama maneno ya kuambiwa, pamoja na jina la aliyesema. Picha ya eneo la pamoja, kama uani au getini, inaweza kusaidia. Kamera inayochungulia dirishani kwa mpangaji usiiweke.

Onyo. Usiyatangaze unayoyashuku. Ukimwita mpangaji mwizi mbele ya watu na ikaja kuonekana si kweli, utashtakiwa kwa kashfa. Baya zaidi, mtaani kwetu neno "mwizi" likishatamkwa kwa sauti, umati hauhitaji ushahidi. Watu wameuawa kwa namna hiyo, na aliyeanzisha kelele ana ya kujibu.

Hatua ya 3: Usiuguse mlango

Hapa ndipo wenye nyumba wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyumba ni yako, lakini ukishapangisha, chumba kiko mikononi mwa mpangaji, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa haki ya kukaa kwa utulivu bila kusumbuliwa na wewe. Kanuni ya Adhabu inalo kosa la kuingia kwa nguvu ili kuchukua eneo. Kuvunja mlango kumo. Kukusanya kundi la watu nako kumo. Na sheria inasema wazi kwamba haijalishi kama aliyeingia alikuwa na haki ya kuingia. Kwa hiyo "ni nyumba yangu" si utetezi.

Mambo haya usiyafanye:

- Kuweka kufuli lako juu ya lake, kung'oa mlango au bati, kukata umeme au maji ili aondoke mwenyewe.
- Kuingia kwa ufunguo wa akiba akiwa kazini ili "kuchungulia tu". Ukigusa kitu, alama zako ziko juu yake, na wakili wa mpangaji atasema wewe ndiye uliyekiweka.
- Kutoa kitu nje, kukichoma au kukimwaga. Hata kama ni bangi tupu, umeharibu ushahidi, na kwa muda ule ulipokishika, kilikuwa mkononi mwako.
- Kumwonya mpangaji kwa wema: "Mwanangu, hamisha vitu vyako, polisi wanakuja." Hapo umeshaingia upande wake.

Kuhusu ufunguo wa akiba: kama unao, andika kwenye daftari kwamba unao na unakaa wapi. Ukificha kisha ukagundulika, utaulizwa kwa nini uliweza kuingia muda wowote na bado unasema hukujua. Na kama una godoro au masanduku yako uliyoyaacha kwenye stoo ya mpangaji, yaondoe mapema, kwa makubaliano yake na mbele ya shahidi.

Kama mkataba una kifungu cha ukaguzi, unaweza kukitumia: toa taarifa ya maandishi, nenda mchana, na shahidi. Kagua mabomba, nyaya na kuta. Usifungue makabati wala mabegi. Kama unashuku watu wa hatari, achana na ukaguzi, nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Toa taarifa, na uondoke na namba

Kwa mambo mengi, njia ya kawaida ni mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, kisha kituo cha polisi. Lakini si lazima upite mtaani kwanza. Kama jambo ni dawa za kulevya, silaha, watu wanaoshikiliwa au nyara za serikali kama meno ya tembo, nenda moja kwa moja polisi au piga 119 kwa dawa. Sababu ni rahisi: mtaani habari inavuja. Balozi wa nyumba kumi ni jirani, na jirani ana shemeji.

Kituoni sema hivi: "Mimi ni mmiliki wa nyumba iliyopo mahali fulani. Nimempangisha fulani tangu mwezi fulani. Nimeona mambo haya, tarehe hizi. Naomba yachunguzwe." Toa nakala ya mkataba na ya kurasa za daftari. Daftari lenyewe baki nalo.

Usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Andika pia jina na cheo cha afisa aliyekupokea, na saa. Ukipiga simu badala ya kwenda, andika muda wa simu. Hiyo RB ndiyo itakayokutetea miezi sita baadaye, mtu akikuuliza kwa nini ulinyamaza.

Ukiogopa kisasi, waombe wasitaje jina lako. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 kwa ajili hiyo. Na wewe mwenyewe usimwambie mtu kwamba umetoa taarifa, hata yule mpangaji mwema wa chumba cha mbele.

Onyo. Kuna wanaopandisha kodi wakishajua: "Kama unafanya hiyo biashara, basi chumba ni laki tatu." Ukifanya hivyo umeacha kuwa mwenye nyumba, umekuwa mbia. Hakuna daftari wala RB itakayokusafisha.

Hatua ya 5: Siku ya upekuzi

Ukiitwa, nenda. Vaa vizuri, chukua kitambulisho na mkataba, zima hasira.

Omba kwa heshima kuona vitambulisho vya maafisa na hati ya upekuzi. Upekuzi wa kawaida hufanyika kati ya jua kuchomoza na jua kuzama, isipokuwa kwa kibali cha mahakama au kwa dharura inayotambuliwa na sheria. Kama hujaridhika, usizuie mlango. Andika majina, saa na ulichoambiwa, umkabidhi wakili.

Hakikisha yupo shahidi huru, mara nyingi balozi, mjumbe au mtendaji, na kwamba anaingia pamoja na wapekuzi, si kuletwa mwisho kusaini. Vitu vinavyochukuliwa vinaorodheshwa kwenye hati ya kukamata mali, na mkaaji pamoja na mashahidi wanaisaini. Ukiombwa kusaini kama shahidi, soma kila mstari. Kama kilichoandikwa ni pakiti kumi na ulichoona ni sita, sema pale pale. Kama ulikuwa nje hukuona, usisaini kwamba uliona.

Nyumba ya vyumba vingi ina tatizo lake: uani, choo cha pamoja, darini. Kitu kikikutwa huko, swali la "ni cha nani" linawazunguka wote, na wewe umo. Kwa hiyo mwonyeshe afisa wazi wazi: chumba hiki ni cha fulani kwa mkataba huu, hapa ni eneo la pamoja, ufunguo wa hapa anao fulani.

Hatua ya 6: Maelezo yako polisi

Huenda ukaitwa kama shahidi. Huenda ukashikiliwa pamoja na mpangaji hadi mambo yaeleweke; hutokea, hasa kama mkataba haupo. Katika hali ya pili, mwite wakili au ndugu kabla ya kuandika maelezo. Hiyo ni haki yako, na kuidai si kukiri.

Sema unachokijua na uishie hapo. "Sijui" ni jibu kamili. Usimtetee mpangaji na usimwongezee. Soma maelezo yako yalivyoandikwa kabla ya kusaini kila ukurasa. Ukiambiwa "toa kitu kidogo tukuachie", hilo ni jambo la 113, na usilipe.

Hatua ya 7: Notisi ya kusitisha mkataba

Mpangaji kukamatwa hakumalizi mkataba. Mkataba unamalizwa kwa mkataba. Andika notisi, iwe fupi:

*"Kwako (jina), mpangaji wa chumba namba ..., nyumba iliyopo .... Kwa mujibu wa kifungu cha ... cha mkataba wetu wa tarehe ..., umekiuka sharti la matumizi ya nyumba. Natoa notisi ya siku ... kuanzia leo uondoke na kukabidhi chumba kikiwa wazi. Kodi ya muda ambao hutakuwepo itarejeshwa baada ya kutoa gharama zinazotambuliwa na mkataba."*

Usiandike "wewe ni muuza unga". Hajahukumiwa. Andika ukiukaji wa mkataba: kupangisha mwingine, kubadili matumizi ya chumba, kuchezea mita, kukataa ukaguzi. Hivi unaweza kuvithibitisha mwenyewe bila kusubiri kesi ya jinai iishe, na kesi hizo hukaa muda mrefu.

Mkabidhi mbele ya shahidi, asaini nakala. Akikataa, shahidi aandike kwamba amekataa, na nakala ipelekwe ofisi ya mtaa ikagongwe muhuri. Kuanzia hapo usipokee kodi mpya kutoka kwake. Ukipokea, atasema umemsamehe na mkataba unaendelea, na utapata shida kumjibu.

Suala la kodi iliyolipwa mbele lina uzito kwetu, maana tunachukua ya miezi sita na hata mwaka. Kuishikilia yote kama adhabu huna mamlaka nayo. Andaa hesabu: amelipa kiasi gani, amekaa miezi mingapi, kimebaki nini. Kurudisha kilichobaki, kwa risiti, mara nyingi ndiko kunakomtoa mtu haraka kuliko kesi yoyote.

Hatua ya 8: Akikataa kuondoka

Peleka lalamiko Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Baraza la Kata linapatanisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa kuwapatanisha, linakupa uthibitisho. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kusonga mbele. Ukiruka hatua hii, shauri lako linaweza kutupwa nje huko juu kwa sababu hiyo pekee.

Kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Peleka mkataba wenye stempu, notisi iliyosainiwa, RB, daftari na uthibitisho wa Baraza la Kata. Ukipata amri, mtekelezaji ni dalali wa mahakama. Vijana wa kijiweni si watekelezaji, hata kama bei yao ni nafuu.

Hatua ya 9: Kupokea chumba

Pokea chumba mbele ya mtendaji au balozi, kwa maandishi. Piga picha kila kona. Vitu vilivyoachwa viorodheshwe, visainiwe, vitunzwe. Ukikuta kitu cha kutilia shaka baada ya polisi kuondoka, funga mlango na uwaite warudi. Ukibomoa sakafu au dari na kukuta pakiti, simamisha fundi hapo hapo.

Kama kilikuwa chumba cha kemikali au cha kupikia gongo, usimpangishe mwingine wiki hiyo. Pitisha hewa, osha kuta, ita fundi umeme aangalie nyaya. Badilisha kitasa.

Mambo yakikwama

*Kituo hakifanyi kitu, na inasemekana mpangaji ana rafiki pale.* Panda juu: mkuu wa polisi wa wilaya, kisha kamanda wa mkoa, kwa barua yenye namba yako ya RB, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki kwako. Kwa dawa za kulevya, DCEA haiko chini ya kituo chako, wapigie wao.

*Polisi wamekifunga chumba kama sehemu ya ushahidi, nami napoteza kodi.* Usikifungue. Mwandikie mkuu wa upelelezi wa wilaya ukieleza wewe ni mmiliki, huna shauri nao, na uombe ujulishwe chumba kitaachiwa lini. Kesi ikiwa imefika mahakamani, wakili wako anaweza kuomba huko.

*Aliyekamatwa siye niliyempangisha.* Mpangaji wako alimpangisha mwingine kimya kimya. Toa mkataba wa awali, mtaje uliyesaini naye, na sema tangu lini ulimwona huyu mpya. Hapa ndipo kile kifungu cha kutopangisha mwingine kinapokuokoa. Kama ulikuwa ukipokea kodi kutoka kwa namba ya simu ya huyu mpya bila kuuliza, sema ukweli huo mapema, maana rekodi za miamala zitausema.

*Mwizi wa umeme ni yeye, lakini mita ina jina langu.* Nenda TANESCO mwenyewe kabla hawajaja. Toa taarifa ya maandishi, omba mita ikaguliwe, chukua namba ya taarifa. Usimwite kishoka, yule fundi umeme wa mtaani asiye rasmi, airekebishe, maana hapo waliochezea mita wanakuwa wawili.

*Ametoroka, kufuli liko mlangoni.* Ripoti polisi upate RB, bandika notisi mlangoni na ofisi ya mtaa, subiri muda wa notisi uishe, kisha fungueni mbele ya mtendaji na afisa wa polisi, muorodheshe kila kitu.

*Majirani wanataka kuchoma chumba.* Piga 112 mara moja, mwite mwenyekiti. Waambie watu kwamba taarifa ipo polisi, bila kutaja nani aliitoa. Kama mpangaji yuko ndani, uhai wake ni wa kwanza, hata kama unaamini kabisa alichokifanya.

*Amekamatwa yeye, ndani kuna mke na watoto.* Wanaendelea kukaa hadi mkataba au amri ya baraza iseme vinginevyo. Zungumza na mama mwenyewe kwa utaratibu: yeye ndiye atakayelipa? Anataka kurudi kwao? Mpe muda wa kweli, na kiasi cha kodi kilichobaki mpe kwa maandishi akikubali kuondoka. Watoto hawakusaini mkataba wowote.

*Nyumba ni ya urithi, ndugu hatuelewani.* Polisi na baraza wanamtaka mtu mmoja mwenye barua ya usimamizi wa mirathi. Kama hayupo, anzeni na hilo Mahakama ya Mwanzo. Wakati mnaendelea, yeyote kati yenu anaweza kutoa taarifa ya uhalifu. Taarifa haihitaji umiliki.

*Niko Muscat, au Uingereza, nyumba iko Mbagala.* Mpe mtu hati ya kukuwakilisha, iliyoandaliwa na wakili na kuthibitishwa ubalozini, itakayotaja wazi kutoa notisi, kwenda polisi na kusimama barazani. Kaka anayekusanya kodi kwa maneno ya simu ataulizwa yeye kama msimamizi, na kosa la msimamizi ni lake mwenyewe. Mwambie hivyo kabla hajaipokea kazi, na umtumie kaunta buku.